Ndege aliyevunja mayai yake kwa kuyaatamia



Jumapili moja ya mwezi Januari, baada ya Misa ya pili, watoto wa Utoto Mtakatifu wa parokia yetu ya pwani walinishika kanzu wakanipeleka ufukweni nikaone ndege. Alikuwa ametua juu ya mti mkavu ambao wavuvi waliuchomeka majini. Mgongo wake ulikuwa wa kahawia, kifua cheupe, na kichwa cheupe chenye mstari mweusi uliopita kwenye jicho. Chini ya kucha zake kulikuwa na samaki, naye alikuwa akimrarua taratibu akianzia kichwani, kama mtu asiye na haraka na dunia.

Niliwaambia kwamba huyo ni furukombe, na kwamba jina lake limo hata katika Biblia, kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 11, kati ya ndege ambao Waisraeli walikatazwa kuwala. Binti mmoja wa miaka kama tisa hakujali habari za Walawi. Akauliza, "Padre, kiota chake kiko wapi? Tukaone watoto wake."

Nikamjibu kwamba ndege huyo hatagi kwetu. Furukombe tunaowaona pwani ya Afrika Mashariki ni wageni wanaokimbia baridi. Viota vyao viko mbali kaskazini, wengi wao katika nchi za Ulaya zilizo upande wa baridi kali na huko Urusi. Huja kwetu kula samaki, na baridi ikiisha kwao hurudi. Yule binti akakunja uso. "Sasa watoto amewaacha na nani?"

Ndugu msomaji, nimehubiri zaidi ya miaka 25, lakini maswali ya namna hiyo bado hunikuta sijajiandaa. Nilimwambia ukweli wenyewe: hakuwaacha na mtu. Makinda wakishajua kuruka na kuvua, mama huondoka kwanza. Baba hubaki kwa muda akiwaletea samaki, kisha naye huondoka. Kila mtoto husafiri peke yake, bila kuonyeshwa njia, juu ya nchi na bahari asizowahi kuziona. Anachokuwa nacho ni kile tu alichopewa kiotani.

Tangu siku ile jambo hilo halijanitoka. Anachokuwa nacho ni kile alichopewa kiotani. Basi leo nataka tutafakari kuhusu kile tunachowapa watoto wetu kiotani, hasa kile tunachowapa bila kujua. Na ili nieleweke, lazima niwapeleke mbali kidogo, mahali nilipowahi kuona viota vya ndege hawa kwa macho yangu.

Viota vya mdomo wa mto

Mwaka 2009 nilikuwa masomoni Marekani. Mapadre wengi wa Afrika wanaosoma huko hutumia likizo ya majira ya joto kusaidia katika parokia ambazo paroko amekwenda mapumzikoni. Mimi nilipelekwa kwenye parokia moja ndogo katika jimbo la Connecticut, karibu na mahali ambapo mto wa jina hilo hilo unaingia baharini. Pale mdomoni mwa mto kuna eneo kubwa la tope na majani marefu linalofunikwa na maji ya chumvi bahari ikijaa. Katikati ya majani hayo zimesimikwa nguzo, na juu ya kila nguzo kuna jukwaa la mbao. Juu ya majukwaa hayo ndiko furukombe wa kule hujenga.

Kila siku baada ya Misa ya asubuhi nilikwenda kukaa kwenye benchi, nikiwa na darubini ya kuazima. Kiota nilichokichagua kilikuwa rundo la matawi makavu, mwani, na vipande vya kamba za wavuvi. Ndani yake mlikuwa na makinda watatu. Mama alikaa nao karibu muda wote. Jua likiwa kali alitandaza mabawa akawafanyia kivuli. Baba ndiye aliyevua. Alielea juu ya maji akipiga mabawa mahali pamoja, kisha akajitupa chini, miguu mbele, akazama kwa kishindo, akainuka na samaki. Kila mara alimgeuza yule samaki hewani ili kichwa kitangulie mbele, apasue upepo. Alipofika kiotani mama alimpokea, akamchana vipande vidogo vidogo, akampa kila kinda mdomoni.

Kabla sijafika, wazazi hao walikuwa wameatamia mayai kwa wiki tano au zaidi, katika mvua na upepo wa baharini. Nilipowaona walikuwa katikati ya wiki nyingine saba au nane za kulisha, mpaka makinda waanze kuruka. Nilikumbuka maneno ya Bwana wetu akiililia Yerusalemu, jinsi alivyotamani kuwakusanya watoto wake kama kuku akusanyavyo vifaranga (Lk 13:34). Nikaanza kuandika mahubiri kichwani juu ya upendo wa wazazi. Yalikuwa mahubiri mazuri, na kama ningeyatoa hivyo yangekuwa na kasoro moja kubwa.

Kasoro hiyo nilionyeshwa na mzee mmoja wa parokia.

Mzee na nyundo yake

Alikuwa mtu wa miaka sabini na zaidi, mstaafu, aliyeketi kiti kile kile cha nyuma kila Jumapili. Alijitolea kuzitunza nguzo. Kila mwezi Machi, kabla ndege hawajarudi kutoka kusini, alipita na mashua yake akiwa na nyundo na misumari, akikaza mbao zilizolegea. Aliponiona benchini siku kadhaa mfululizo, akanialika nipande mashua.

Tulizunguka nguzo zaidi ya kumi, na karibu kila moja ilikuwa na familia. Nikamwambia, "Mzee, Mungu amewajalia neema kubwa, ndege wengi hivi." Akazima injini. Akasema, "Padre, nilipokuwa kijana niliwaua mimi."

Akanieleza. Alipokuwa na miaka kama ishirini, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata kazi ya kibarua kwenye gari la kupulizia dawa ya mbu. Walipulizia kwenye majani yale ya pwani na mitaani pia. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakicheza ndani ya ule moshi, na wazazi waliwapungia mkono kwa shukrani. Dawa yenyewe ilikuwa DDT. Kijana yule alikuwa anajivunia kazi yake, na alikuwa na haki ya kujivunia. Mwanasayansi wa Uswisi aliyegundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, Paul Müller, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Dawa hiyo ilikuwa imeokoa maelfu ya watu na homa inayoenezwa na chawa wakati wa vita, na malaria ilipungua sana katika nchi nyingi. Nani angesema kwamba ni kitu kibaya?

Lakini dawa haikuishia kwenye mbu. Ilishuka majini, ikaingia katika viumbe vidogo kabisa. Samaki wadogo wakala viumbe hao, samaki wakubwa wakala wadogo, na furukombe wakala samaki wakubwa. Sumu hiyo haitoki mwilini upesi. Hujificha ndani ya mafuta. Kwa hiyo kila mlaji alibeba zaidi ya aliyemla, na furukombe aliyekuwa mwisho wa mnyororo akabeba mzigo wa wote.

Furukombe wengi hawakufa kwa sumu hiyo. Waliendelea kuruka, kuvua, kujenga na kutaga. Ila jike mwenye sumu alitaga yai lenye ganda jembamba mno. Na yai ni lazima liatamiwe. Basi mama akafanya kile ambacho mama wa ndege hufanya: akalikalia kwa upole ili alitie joto. Likapasuka chini yake. Mengine hayakupasuka, lakini hayakuanguliwa kamwe, na wazazi wakaendelea kuyaatamia wiki nyingi kupita siku zake.

Katika miaka ya 1940 kulikuwa na viota takriban 1,000 vya ndege hawa kati ya New York na Boston. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vilibaki karibu 150.

Yesu aliuliza ni baba gani ambaye mwanawe akimwomba samaki atampa nyoka (Mt 7:10, Lk 11:11). Sisi wahubiri hulitumia swali hilo kuonyesha kwamba hakuna baba wa namna hiyo, na tunasema kweli. Yule furukombe dume alileta samaki kiotani, samaki halisi, kwa jasho lake. Nyoka alikuwa ndani ya samaki.

Tunapowasingizia wanyama wengine

Kuna sehemu ya habari hii ambayo naipenda kuliko nyingine, kwa sababu inatuhusu sana. Katika mji mdogo wa Old Lyme, jirani na mdomo wa mto ule, alihamia mwaka 1954 Roger Tory Peterson, mchoraji na mwandishi mashuhuri wa vitabu vya kutambua ndege. Alipoona viota vinapungua, yeye na mkewe na majirani zao walidhani adui ni rakuni, mnyama mdogo mjanja anayepanda miti usiku na kuiba mayai. Wakasimika nguzo ambazo rakuni asingeweza kuzipanda. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini mayai hayakuanguliwa hata juu ya nguzo.

Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kijana, Paul Spitzer, akajaribu jambo. Alichukua mayai ya furukombe kutoka Maryland, upande wa kusini ambako sumu haikuwa nyingi hivyo, akayaweka katika viota vya Connecticut. Mayai ya Connecticut akayapeleka Maryland. Matokeo yalikuwa wazi. Mayai ya wageni yaliyoatamiwa na ndege wa Connecticut yaliangua vizuri, na makinda wakalelewa mpaka wakaruka. Mayai ya Connecticut hayakufaulu hata chini ya mama wa Maryland.

Ndugu zangu, tusiharakishe kupita hapo. Jaribio lile lilithibitisha kwamba ndege wa Connecticut walikuwa wazazi wazuri. Walijua kuatamia, walijua kulisha, walikuwa na subira. Hawakupungukiwa upendo. Walipungukiwa usalama wa kile walichokuwa wamekula.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mahubiri mengi ya familia, yakiwemo ya kwangu mwenyewe. Tumewaambia wazazi kwa miaka mingi: wapendeni watoto wenu, na mengine yatakuja yenyewe. Mimi naamini wazazi wengi wanaokaa mbele yangu kila Jumapili wanawapenda watoto wao. Baba anayeamka saa kumi usiku kwenda sokoni anawapenda. Mama anayekopa kwenye kikoba ili alipe ada anawapenda. Bado nyumba nyingi zina mayai yaliyopasuka, na kila mmoja anamtafuta rakuni wake: shule, marafiki, simu, utandawazi, jirani mwenye jicho baya. Siwezi kusema rakuni hayupo. Wapo rakuni wengi. Lakini tukishawainua watoto juu ya nguzo na bado hawaangui, inatupasa kujiuliza swali gumu zaidi: sisi wenyewe tumekula nini?

Baba mmoja amekula chuki ya shamba la urithi. Alinyimwa na kaka yake miaka 20 iliyopita, na kila jioni mezani anawaeleza watoto ni nani katika ukoo wasimsalimie. Anadhani anawalinda. Mama mmoja ameumizwa na mumewe, naye amemfanya mtoto wa kwanza kuwa msiri wake na mjumbe wake, mpaka mtoto anabeba ndoa ambayo si yake. Anadhani wako karibu. Mwingine analipa ada kwa fedha ya rushwa, na mtoto anajua, kwa sababu watoto hujua. Mwingine amekula hofu ya umaskini hadi kila alama ya mtihani inapokelewa kama hukumu. Wote hawa wameketi juu ya mayai kwa upendo.

Yai nililolivunja

Nisijitoe katika hesabu hii. Nilikuwa padre kijana, mwaka wa tatu tangu upadrisho, katika parokia ya kijijini. Kulikuwa na mtumishi wa altare wa miaka kumi na miwili hivi, mchangamfu, aliyependa kanisa. Jumapili moja alichelewa, akaingia sakristia na miguu yenye matope wakati maandamano yanaanza. Nilimsimamisha mbele ya waamini nikasema kwamba asiyejua kuiheshimu nyumba ya Mungu, nyumba ya Mungu haimhitaji. Sikumwuliza sababu ya kuchelewa. Mpaka leo siijui.

Maneno hayo hayakuwa yangu. Niliambiwa hayo hayo, karibu neno kwa neno, nikiwa kijana katika malezi, na mlezi niliyemheshimu sana. Nilipoyatamka nilisikia sauti yake kinywani mwangu, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahia kidogo. Nilidhani ndiyo malezi. Nilidhani mimi nimefika nilipofika kwa sababu ya ukali ule. Kijana yule hakurudi kutumikia.

Siku ile katika mashua, yule mzee alipozima injini na kusema "niliwaua mimi", sikumfikiria ndege. Nilimfikiria yule mtoto na matope yake.

Niliporudi nchini nilimtafuta. Ilichukua karibu mwaka mmoja kupata namba yake. Alikuwa fundi pikipiki mjini, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Nilimwomba msamaha. Akacheka kwa adabu akasema, "Ah, Padre, mimi nilishasahau, shikamoo." Lakini watoto wake wote wawili walikuwa hawajabatizwa, na mkewe aliniambia kwamba yeye hukaa nje ya kanisa hata kwenye misiba. Nilielewa kwamba hakusahau. Tunaendelea kuongea. Mara nyingine anapokea simu, mara nyingine hapokei, na sina haki ya kulalamika.

Nitasema neno moja pia juu ya Kanisa letu, kwa kuwa nilikuwa nchi ile wakati ambapo waamini walikuwa bado wanauguza kidonda. Mwaka 2002 ilikuwa imefichuliwa mjini Boston jinsi mapadre waliowadhulumu watoto walivyohamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine badala ya kuzuiwa. Wengi wa waliofanya uamuzi huo walisema wanalipenda Kanisa na wanalikinga na aibu. Walikuwa wanalikalia yai, nalo likapasuka chini yao. Hatuwezi kuwafundisha wazazi somo hili kama sisi tunaovaa kanzu hatujalisoma kwanza.

Zabibu chungu

Waisraeli waliokuwa uhamishoni walikuwa na methali yao juu ya jambo hili. Walisema kwamba wazazi walikula zabibu chungu, lakini meno yaliyoingia ganzi ni ya watoto. Ilikuwa methali ya watu waliokata tamaa: yameshatendeka na mababu, sisi tumerithi, hakuna la kufanya. Mungu kwa kinywa cha nabii Ezekieli, sura ya 18, anawakataza wasiitumie tena. Hakatai kwamba sumu hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Kitabu cha Kutoka kinalisema hilo waziwazi. Anachokataa ni kwamba lazima iwe hivyo milele. Anamtaja mwana anayeyaona matendo ya baba yake, akayatafakari, na asiyafuate. Mwana huyo, asema Mungu, ataishi.

Furukombe hana uwezo huo. Yeye hawezi kuichunguza dhamiri yake. Ilibidi wengine wamsaidie. Rachel Carson aliandika kitabu chake cha onyo mwaka 1962 akatukanwa kwa ajili yake. Mwaka 1966 raia wachache wa Long Island, ng'ambo tu ya maji yale, walikwenda mahakamani kupinga upuliziaji wa DDT katika wilaya yao. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikapiga marufuku matumizi karibu yote ya DDT nchini humo. (Katika nchi zenye malaria bado inaruhusiwa kupuliziwa ndani ya nyumba kwa masharti makali, na hilo si kinyume cha ninachosema; dawa ile ile inayookoa ikipimwa, huua ikimwagwa bila kufikiri.)

Katika historia hiyo naona njia yote ya kitubio kama tunavyofundishwa katika katekisimu. Kwanza, waliacha kumlaumu rakuni peke yake wakakiri chanzo. Huko ndiko kuungama. Pili, waliacha kumwaga sumu. Hilo ni kusudi la kutorudia, na bila hilo machozi yote hayafai kitu. Ungesimika nguzo elfu, na kama gari la dawa linapita kila wiki, hakuna kinda. Tatu, walifidia: walibeba mayai, walisimika majukwaa, walikesha. Kanisa huita hilo malipizi. Ondoleo hufuta dhambi, lakini madhara tuliyoyasababisha bado yanatudai kazi. Zakayo alilijua hilo kabla ya wanateolojia, naye akaahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8).

Na nne, walisubiri. Sumu haikutoka majini siku ambayo sheria ilitiwa sahihi. Viota viliendelea kuwa vitupu kwa miaka. Ndege wakarudi polepole, wawili watatu. Kwa hiyo wewe mzazi uliyeacha pombe mwezi uliopita, usikasirike mwanao asipokuamini leo. Wewe uliyemwomba mkeo msamaha jana, usimdai tabasamu leo. Ganda la yai hurudia unene wake taratibu.

Nikaongeza la tano kwa ajili yetu tunaoishi katika jumuiya ndogo ndogo. Mayai yale ya Maryland yaliangua katika kiota cha wengine. Kuna nyakati nyumba fulani inakuwa na sumu mno, na mtoto anahitaji joto la kiota kingine mpaka nyumba yake ipone: shangazi, bibi, jirani wa jumuiya, msimamizi wa ubatizo. Wasimamizi wengi tumewaona siku ya ubatizo tu, wakiwa na mshumaa na zawadi ya nguo, kisha basi. Msimamizi, nenda ukamwulize mtoto wako wa ubatizo wiki hii anakula nini nyumbani, na sisemi habari ya ugali.

Kabla ya kuruka

Mwishoni mwa Julai mwaka ule, kinda mkubwa wa kiota changu alisimama ukingoni mwa jukwaa akipiga mabawa, akainuka kidogo, akashuka, akainuka tena. Mama alikuwa juu ya nguzo ya jirani, akimtazama. Nilikuwapo asubuhi alipoondoka kweli. Alizunguka juu ya maji kwa wasiwasi, akarudi akatua vibaya juu ya wenzake. Wiki chache baadaye, nami nikiwa nimekwisha kurudi chuoni, mzee yule aliniandikia kwamba kiota ni kitupu, na kwamba wote watatu wamekwenda. Furukombe wa kule huelekea Amerika ya Kusini. Wengi hufia njiani mwaka wa kwanza. Wanaopona hukaa huko zaidi ya mwaka mzima kabla ya kurudi pwani walikozaliwa.

Mzee yule hakuniambia kamwe kwamba anafanya malipizi. Nilipomwuliza kwa nini anahangaika na nguzo katika umri wake na baridi ya Machi, alisema tu kwamba mbao huoza na lazima mtu azikaze.

Mpendwa msomaji, leo jioni, kabla ya sala ya familia, nakuomba ufanye jambo dogo. Usiwaulize watoto wako wamekosea nini wiki hii. Jiulize wewe umekuwa ukila nini: maneno gani, hasira ya nani, fedha ya wapi, hofu ya tangu lini. Ukikipata, usikifiche. Kipeleke kwenye kitubio, kisha kipeleke kwa yule uliyemlisha bila kujua, umwambie kwa sauti: nimekosa. Kwa wazee wengi wa kwetu ni neno zito kumwambia mtoto. Nami nimelisema kwa fundi pikipiki, mbele ya spana zake, nikiwa na kola yangu shingoni, na sikufa.

Binti yule wa Utoto Mtakatifu alipoondoka ufukweni aliniuliza tena kama watoto wa furukombe watafika salama. Nilimwambia tuwaombee. Akafanya ishara ya msalaba pale pale kwenye mchanga.

Nawatakia Dominika njema. Mungu azibariki familia zenu.